Kuvuka Gotthard na Mama

Mwaka 1970, Sultani mpya wa Oman alipowaita Waomani walio nje warudi, mama yangu alikunja msala wake akasema, "Nnakwenda kumchukua Nassor."

Nassor ni kaka yangu. Tulipotoka Unguja mwaka 1964, mama na mimi tulifikia kwa jamaa zetu Maskati. Yeye alikuwa masomoni Italia, akabaki Milano, akaoa huko huko. Kwa zaidi ya miaka sita mama hakumtia machoni. Kila barua yake ilijibu yote isipokuwa swali moja: unarudi lini?

Tikiti tulizopata zilikuwa za kufika Zurich tu. Nilitandaza ramani juu ya mkeka, nikamwonesha mama reli ya kutoka pale mpaka Milano. Akaifuata kwa kidole, akasita palipochorwa vidoti.

"Hapa pana nini?"

"Hapo treni inaingia chini ya jabali, inatokea upande wa pili."

"Basi mimi simo. Chini ya ardhi nitaingia siku yangu ikifika."

Hilal, mume wangu, alicheka. Mimi nilimjua mama, kwa hivyo nikatafuta njia nyengine, nikaiona: barabara nyembamba inayoparamia mlima wa Gotthard na kuteremkia upande wa Italia.

"Hiyo hufungwa theluji ikianza," Hilal akasema, "na nyinyi mnaondoka Oktoba. Tena nani ataendesha?"

"Mimi."

Unguja nilikuwa nikiendesha gari ya baba kwenda skuli niliyokuwa nikisomesha. Maskati nilikuwa sijagusa usukani. Hilal akaazima Landrova ya ami yake, na kila Ijumaa alasiri tukapita Bawshar na Ansab mpaka uwanda wa Rusayl. Huko nilijizoeza kwenye changarawe na kwenye kingo za wadi, mito isiyo na maji, mbele na nyuma, mpaka shingo ikaniuma. Wapita njia na punda wao walisimama kunitazama. Niliwaacha watazame.

Siku ya safari, ndege ndogo iliinuka kiwanja cha Bait al Falaj, ikajipenyeza baina ya majabali. Mama alishika tasbihi mpaka Bahrain. Pale tulikaa siku mbili, nikabadilisha leseni yangu ya Unguja kwa mpya, kisha tukapanda ndege nyengine.

Zurich tulikodi gari ndogo ya kijivu. Asubuhi ya pili tulifuata ziwa lenye maji ya kijani, milima imesimama ndani yake kichwa chini. Mama alitazama, kisha akauliza, "Na watu wa hapa, wanapasahau kwao wakenda mbali?"

Jioni tulifika Andermatt, kijiji cha chini ya mlima. Mwenye nyumba ya wageni, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alitupikia mayai na viazi, na mama alipotaka kujua qibla, alimtolea dira ya marehemu mumewe.

"Kesho pakieni gari kwenye treni inayopita chini ya mlima," aliniambia kwa Kiingereza. "Theluji imeshaanza juu. Wenyeji wenyewe hawapandi."

"Barabara imefungwa?"

"Bado."

"Basi tutapanda."

Alfajiri tuliondoka. Juu kulikuwa na ukungu na theluji nyembamba pembezoni, lakini njia yenyewe ilikuwa nyeusi na safi. Tulipoanza kuteremka, barabara ikawa ya mawe yaliyopangwa, imejikunja kona juu ya kona, na upande wa mama bonde lilikwenda chini nisikoweza kuona mwisho wake. Kwenye kona moja basi la njano likapiga honi, likatutokea mbele. Halikuwa na pa kupita. Dereva akanionesha kwa mkono: rudi.

Nikatia gia ya nyuma. Mama akafungua dirisha, akatoa kichwa katika baridi ile.

"Rudi taratibu. Mimi nnaangalia upande wangu. Njoo… njoo… basi, simama hapo."

Basi likapita, dereva akatuinulia kofia. Mama akafunga dirisha, akajitanda mtandio wake sawasawa. "Twende," akasema.

Milano tulifika alasiri, wakati Maskati inaadhiniwa Magharibi. Nassor alifungua mlango, akamwona mama, akapiga magoti pale pale kizingitini. Mkewe, Lucia, alisimama nyuma yake akilia bila ya kujua lugha tunayolilia.

Baada ya chakula mama akauliza alichokijia. "Unarudi lini?"

Nassor alisukuma sahani yake kando. "Mama, mimi nimezaliwa Unguja. Maskati sijaiona hata siku moja. Nitarudi vipi mahali ambako sikutoka?"

Mama akainuka, akakusanya sahani. Asubuhi nilimkuta jikoni na Lucia. Amefunua masufuria yote, amenusa viungo, anamfundisha kwa ishara kukaanga vitunguu vya pilau. Tulikaa siku nyingi kuliko tulizokusudia. Mama alikwenda sokoni na Lucia, alimjua muuza samaki, aliona kitanda anacholalia mwanawe na dirisha analotazama. Swali lile hakulirejea tena.

Kurudi, njia ya juu ilikuwa imefungwa. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kumwambia, mama akanitangulia: "Hilo treni lao linapakilia wapi?" Ndani ya kiza cha jabali alinishika mkono, akanieleza namna Lucia anavyokamulia ndimu kwenye samaki.

Nilidhani tumekwenda kumchukua mtu. Nimejifunza kwamba mama alihitaji zaidi kujua mwanawe analala wapi, anakula nini, na nani anamwangalia akiumwa. Moyo wake ukaacha kumtafuta gizani.

Tulipofika Maskati, majirani walijaa uani kutupa pole ya safari. Mmoja akauliza, "Nassor karudi?"

"Hajarudi," mama akajibu, akimmiminia kahawa. "Atakuja, inshallah, na mkewe. Nnawatayarishia chumba cha wageni."