Niliwaambia Wageni Soko Limesimama, Nikijua Si Kweli

Sitaweka jina langu hapa, na sitaki huruma ya mtu. Nilidanganya, na walioumia ni watu wa kwetu.

Nilikuwa mfanyakazi wa mradi wa kilimo huku Yatta. Mradi ulitaka wakulima wa maembe wapate wanunuzi wa kudumu, waache kubanwa bei na mabroka. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia kama soko linabadilika kweli. Yaani, mradi ukiondoka leo, soko litasimama lenyewe, hii biashara iendelee?

Jibu nililijua. Hapana!

Mnunuzi wetu mkubwa, mzee mmoja wa Matuu, alileta lori mpaka Ekalakala kwa sababu mafuta tuliweka sisi. Siku moja nilimuuliza, "Tukiacha kuweka mafuta, bado utakuja?"

Akacheka. "Madam, kwa hiyo barabara? Nikifuata nini, na maembe iko hapa karibu na Matuu?"

Hata hakunificha! Nikamwambia meneja wangu. Akaniuliza, "Wafadhili wanakuja wiki ijayo. Unataka tuwaambie hiyo?"

Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha. Nikayaacha hayo maneno hapo.

Wageni walipofika, waliniuliza mbele ya kikundi chote cha wakulima wa Ekalakala kama huyo mzee sasa anajitegemea. Nikasema ndiyo. Jameni, sikusita! Nikaongeza ati wanunuzi wengine wameanza kumwiga. Hakuna hata mmoja! Watu wakapiga makofi. Ikaamuliwa Ekalakala imekomaa, mradi uhamie kwingine.

Mwenyekiti wa hicho kikundi alikuwa mama mdogo wangu, dada ya mama.

Msimu uliofuata, maembe yakiwa karibu kuiva, akanipigia simu. "Mwanangu, mabroka wamekuja. Bei yao ni mbaya, lakini wako hapa. Niuze ama ningoje lori?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Alikuwa mtu wangu, tuko wawili tu kwa simu! Lakini ningeanzia wapi?

"Ngoja lori," nikasema.

Akangoja. Na kwa sababu yeye amengoja, wale akina mama wengine pia wakangoja. Mabroka wakaenda zao. Lori halikuja.

Nilienda huko baadaye. Maembe yalikuwa yameoza chini ya miti, nzi kila mahali. Akina mama walikuwa wamejaa kwa boma lake, wanapiga kelele. Mmoja akamuuliza, "Nani alikuambia hiyo lori inakuja?"

Mama mdogo akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Hakuna mtu," akasema. "Nilikosea mimi."

Wakamtoa uenyekiti hapo hapo. Siku hizi hata kanisani anakaa benchi peke yake.

Sikulia. Mpaka leo sijalia. Mkataba mpya nilipewa, nafanya kazi ile ile kwa kaunti nyingine. Nakula, nalala, naamka. Mama mdogo hunipigia kila Jumapili, anauliza kama niko mzima. Hajawahi kutaja ile siku. Heri angenitukana!

Wewe uliye na kazi kama yangu, usiogope wageni, usiogope meneja. Ukiulizwa kama soko limesimama na halijasimama, sema halijasimama. Wageni watapanda gari waende. Ni mtu wa kwenu atakayekupigia simu akuulize auze ama angoje.