Nusu ya Pumzi ya Fausto

Ersilia Gandolfi alikuwa mpiga piano ambaye hakuna aliyewahi kumpigia makofi, na hilo hakulijali hata kidogo. Ndivyo alivyokuwa akisema, na kwa mtu asiyejali alilisema mara nyingi mno. Kazi yake katika jumba la opera la Borgo Sant'Alda, kule bonde la mto Po, ilikuwa kuwafanyisha waimbaji mazoezi kabla okestra haijaja. Okestra ikishaingia, piano inasukumwa kando, na Ersilia pamoja nayo.

Sifa yake kubwa ilikuwa kufuata. Mwimbaji akiyumba, yeye yuko chini yake kama godoro. Mwimbaji akiruka mstari mzima, Ersilia anaruka naye, na wasikilizaji hawashtuki. Waimbaji walimpenda mno, na nani asiyempenda mtu anayeficha makosa yake?

Aliyempenda kuliko wote ni Fausto Mezzadri, mwimbaji wa sauti ya tatu, mzaliwa wa pale pale, mwenye kifua kipana, shingo fupi, na imani juu ya kipaji chake ambayo ingetosha watu wanne. Fausto alikuwa na kasoro moja tu. Kabla ya kupanda noti ya juu huvuta pumzi, kisha huongeza nusu ya pumzi nyingine, kwa usalama. Hiyo nusu humchelewesha. Ersilia aliisikia siku ya kwanza kabisa, wote wawili wakiwa vijana, akamngoja. Kesho yake akamngoja tena. Miaka ikapita, vidole vikazoea kungoja vyenyewe. Hata kiongozi wa zamani wa okestra, mzee mvivu aliyekuwa akiiga kila alichokisikia kwenye piano ya Ersilia, naye akawa anangoja. Fausto akaamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba yeye na mdundo ni pete na kidole.

Basi mwaka ule mambo mawili yakatokea kwa pamoja. Mzee mvivu alistaafu, akaja Ottavio Rabaglia kutoka Milano, kijana mkavu asiyemngoja hata mama yake. Na mwongozaji wa jukwaa aliyekodiwa aligombana na kila mtu, akafunga virago. Wakubwa wa jumba wakaangaliana, wakaona anayejua nani anaingia kwa mlango gani ni Ersilia peke yake. Wakampa opera nzima aiongoze.

Alikuwa ameitamani kazi ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alijua pia kwamba ni nafasi moja. Roshani ya juu, wanakokaa wenye tiketi za bei nafuu na ndimi kali, ikizomea usiku wa kwanza, atarudi kwenye piano yake mpaka astaafu. Na mkubwa wa wazomeaji wa roshani ya juu, bahati mbaya, alikuwa Nando, kaka yake wa tumbo moja, muuza nyama ya nguruwe.

"Ukiharibu nakuzomea," Nando alimwambia Jumapili, mdomo umejaa.

"Mimi ni dada yako, Nando!"

"Ndiyo maana nitakuzomea kwa upendo. Hebu nisogezee hizo tambi za tortelli. Malenge ya ndani umeyatia chumvi vizuri, yangekuwa opera ningeyapigia makofi."

Siku ya kwanza ya okestra, Fausto alisimama juu ya ngazi za kinu cha unga, maana opera yenyewe ilihusu msaga unga aliyetoka vitani akakuta mkewe kaolewa. Akafika penye noti ya juu. Akavuta pumzi, akaongeza nusu yake. Okestra ikaondoka bila yeye.

"Maestro!" Fausto aliita kutoka juu. "Unakimbilia treni?"

"Nakwenda kama ilivyoandikwa, bwana. Wewe ndiye uliyebaki stesheni."

Wote wawili wakamgeukia Ersilia. Hapo ndipo angesema. Alifungua mdomo, akauona uso wa Fausto, mwekundu na wa kuamini kama wa mtoto aliyesukumwa, akashindwa. Macho yake yakaangukia kwa mpiga filimbi.

"Nani kaleta skafu ya zambarau humu ndani?" aliuliza.

Kelele zikalipuka. Zambarau, rangi ya mkosi, ndani ya jumba la opera! Hata Rabaglia, msomi wa Milano, alijipapasa mfukoni kugusa chuma cha kuondoa nuksi. Mpiga filimbi masikini alitolewa nje na skafu yake, zawadi ya mama mkwe, na kila mtu akaridhika kwamba mchawi kapatikana.

Kesho yake Fausto alichelewa vilevile. Ersilia akasema koti limembana, likafumuliwa mishono. Siku iliyofuata akasema ngazi ni ndefu mno, mtu anafika juu hana pumzi. Fundi Primo, seremala wa jumba, akazikata. Halafu ikawa zamu ya magunia ya unga, eti yanameza sauti. Kinu kikazidi kunyauka siku hadi siku.

"Mama Ersilia," Primo alisema akijifuta jasho, "kumebaki mlango na gurudumu. Tukishavitoa hivyo tutamsingizia nani? Mimi?"

Ersilia alicheka, kisha ghafla machozi yakamlengalenga. Alijionea aibu. Alikuwa anavunja opera yake mwenyewe, ubao kwa ubao, ili mwanamume mzima asisikie neno moja.

Mchana huo alimwita Fausto kwenye chumba cha mazoezi. Hakuwa na maneno, kwa hiyo akakaa kwenye piano.

"Tuimbe ile sehemu yako," alisema.

Fausto akaimba. Penye noti ya juu vidole vya Ersilia vikamngoja. Alivilaani kimoyomoyo.

"Tena."

Vikangoja tena, vipumbavu vile.

"Mbona iko sawa?" Fausto alisema. "Unaona? Na wewe sikosei hata siku moja. Yule wa Milano ndiye kiziwi."

"Mara ya mwisho, Fausto."

Safari hii Ersilia aliuma meno, akapita bila kungoja. Fausto akaingia amechelewa, peke yake, na sauti ile kubwa ikabaki inaning'inia hewani bila kitu chini yake. Akanyamaza.

"Umekosea," alisema.

"Hapana. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kutokukosea."

Ilimchukua muda kuelewa. Uso ukamshuka taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza! Miaka yote hii umenifanya mwanasesere?"

"Nilikuwa napenda kukungoja," Ersilia alisema. "Nilidhani ndiyo wema. Nisamehe."

Fausto alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Mazoezi ya mwisho hakuonekana, akasema mafua. Mwimbaji wa akiba hakuwapo. Primo alirudisha ngazi na magunia bila kuambiwa, kwa maana mambo yakiharibika, alisema, bora yaharibike mahali pazuri.

Usiku wa kwanza, pazia likiwa karibu kufunguliwa, Fausto aliingia kwa mlango wa nyuma, amevaa koti lake tayari. Alimpita Ersilia kama mtu apitaye nguzo. Ersilia akajificha kando ya jukwaa. Juu kule kwenye roshani alimsikia kaka yake akisafisha koo, na kwa Nando koo halisafishwi bure.

Ngazi zikapandwa. Okestra ikakaribia mahali penyewe. Gizani Ersilia akainua mkono, kama alivyofanya kila mara, akavuta pumzi pamoja na Fausto, akaongeza ile nusu.

Fausto hakuiongeza. Alipanda moja kwa moja, na noti ikafunguka juu ya okestra, safi, mahali pake hasa. Roshani nzima ikapasuka kwa makofi, na katikati yake sauti ya muuza nyama ikipayuka, "Ni ya dada yangu hiyo! Dada yangu!"

Mkono wa Ersilia ulikuwa ungali hewani.

Pazia lilipofungwa Fausto alimjia, jasho likimtiririka.

"Nilikuchungulia kule gizani," alisema. "Mkono juu, mdomo wazi. Umechelewa."

"Nilikuwa nakungoja," Ersilia alisema.

"Najua, dada." Akaushika ule mkono, akaushusha taratibu. "Haya, sasa na wewe nenda mbele ya pazia. Wanakuita, na leo nakungoja mimi."