Pikapu Isiyozimwa Matongo

Mwajuma alijifunza ufundi wa magari kwenye gereji ya baba yake mjini Tarime. Mzee Shamsudin alikuwa ametoka Tanga akiwa kijana, akaoa hapa hapa, akajijengea jina kwa kufufua injini za dizeli ambazo wengine walishazikatia tamaa. Binti yake alipoacha cherehani na kushika spana, watu walicheka kidogo. Baadaye wakawa wakifika gereji wanamuulizia yeye kwanza.

Dhahabu ilipopamba moto upande wa Nyamongo, barabara zilijaa pikapu za aina mpya. Nyingi zilikuja na kitu ambacho mzee hakukipenda hata siku moja: vali inayochukua sehemu ya moshi na kuurudisha ndani ya injini, ili moto wa ndani usizidi na hewa ya nje isichafuke sana. Ikifanya kazi vizuri, dereva hajui hata kama ipo. Ikishikwa na masizi ikabaki wazi, gari linatoa moshi mweusi kama tanuru na kwenye mlima linakosa nguvu. Dawa ya mzee ilikuwa moja. Alikata kipande cha bati, akaziba njia ya moshi, akamrudishia mtu ufunguo.

Pikapu ya Mseti ndiyo iliyoikataa dawa hiyo. Mseti, Mkurya mrefu asiye na maneno mengi, alibeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka machimbo ya Matongo. Mzee alipoziba, taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi na gari likagoma kuongeza mwendo. Mwajuma akatoa bati, akafungua vali, akaisafisha mpaka chuma kikang'aa. Gari likaondoka linavuta vizuri. Haukupita muda Mseti akarudi, moshi ule ule, na vali imejaa uji mweusi kana kwamba haijaguswa. Mwajuma akaisafisha tena. Mseti akarudi tena.

Fundi mwingine angelaumu mafuta machafu na kumpeleka mteja akanunue vali mpya. Mwajuma aliona haya kumgharimu mtu kwa kitu asichokielewa. Alimwambia baba yake kwamba masizi mengi kiasi kile yana mahali yanapotoka, na mahali penyewe si hapo gereji. Asubuhi iliyofuata akapanda kiti cha mbele, akaenda na Mseti Matongo.

Njiani hakuona kasoro. Mseti aliendesha kwa adabu na gari lilipanda bila shida. Walipofika akaliegesha karibu na maduara, yale mashimo ya wachimbaji, akashuka kuongea na wachimbaji, injini ikabaki inaunguruma. Mwajuma alisubiri. Viroba vilikuwa havijapandishwa kutoka chini, jua likapanda, bado injini inaunguruma palepale, gari halitembei. Hapo akaanza kuelewa. Injini ya namna ile isipofanya kazi ya kubeba haipati joto la kutosha, na masizi hunata kwenye vali kama ugali kwenye sufuria. Akanyoosha mkono azime.

Mseti alikuja mbio kutoka ng'ambo ya maduara, akaushika ule mkono.

"Usizime, dada. Huku haizimwi."

Mwajuma alimwuliza kwa nini. Mseti aliegemea mlango, akaangalia maduara, kisha akamweleza kwa sauti ya chini. Mdogo wake, Wangwe, alikuwa anachimba hapo. Duara likaporomoka, watu wakamfukua akiwa hai, wakampakia nyuma ya pikapu hii hii. Mseti akazungusha ufunguo, stata ikalia tik, ikanyamaza. Wanaume walisukuma gari mpaka likawaka, lakini muda ulikuwa umekwenda. Wangwe alikata roho kabla hawajaiona lami. Tangu siku hiyo, akiwa Matongo, Mseti hakuwahi kuzima injini.

Hakuwahi kumwambia fundi yeyote. Hakuona kwamba inahusiana na moshi.

Mwajuma naye hakumwambia kwamba amekuwa akiharibu gari. Alimpa pole, akakaa naye mpaka viroba vikapakiwa. Waliporudi Tarime aliishusha stata, akakuta kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme, zimelika na waya wa betri umeoza kwa ndani, sehemu isiyoonekana. Akaitengeneza upya yote, akabadilisha waya, kisha akasafisha vali. Mzee Shamsudin alivuta kigoda akakaa karibu, akawa anampa spana anayoihitaji kabla hajaiomba.

Mwajuma na Mseti walirudi Matongo. Mwajuma alimwambia, "Kaka Mseti, zima mwenyewe. Mimi nipo. Ikikataa kuwaka, nitalala hapa nikiitengeneza."

Mseti alishika ufunguo kwa muda mrefu. Hatimaye akazima. Nyundo za wachimbaji zikasikika, na mtu mmoja aliyekuwa anapita akageuka kuangalia, maana hakuzoea kimya upande ule. Mseti akazungusha ufunguo. Ikawaka. Akazima, akawasha tena, akazima, akawasha, huku machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Mwajuma aliangalia pembeni mpaka alipomaliza.

Vali ile ilikaa safi. Mzee aliacha kukata mabati. Mtu akija na moshi mweusi alimwambia amsubiri Mwajuma. Na Mwajuma hakufungua tena boneti kabla ya kumkalisha dereva na kumuuliza anashindaje na gari lake, analiacha wapi, nini kinamtia hofu akiwa njiani. Mkulima mmoja kutoka Ringwani, aliyekuja na pikapu ya kubebea mahindi, alidhani anataniwa. Alicheka. Kisha akavua kofia, akakaa kwenye kigoda, akaanza kueleza.