Njia ya Kushuka Tu

Wageni ninaowaongoza huniuliza karibu kila safari kwa nini tunashuka tu. Tunaanzia Maruku, tunapita chini ya migomba hadi nyumbani kwa shangazi yangu, na kutoka nyuma ya jiko lake tunashika njia inayoteremka mpaka ziwani, ambako gari linatusubiri kuturudisha Bukoba mjini. Waendesha baiskeli ndio wasumbufu zaidi. Wamekuja na miguu yao ya mazoezi na wanataka kupanda. Nawaambia kibali changu hakiruhusu kupanda, na wengi wanadhani nimebuni hilo kwa uvivu. Nawaacha wadhani hivyo, maana habari yenyewe huwezi kumweleza mtu aliyevaa kofia ya baiskeli na anayetazama saa.

Shangazi alikuwa dada wa baba yangu. Aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na mwanawe mgongoni. Babu akampokea bila maneno mengi, na babu alipofariki shangazi akabaki na nyumba na kibanja chote, shamba la migomba na mibuni. Mimi nilikulia Nyanga, pembeni ya mji, lakini likizo zangu zote nilizimalizia kwake. Huyo mwanawe vitabu vingemwita binamu yangu. Kwetu ni kaka, na mimi sikuwa na kaka mwingine. Alikuwa mtu wa kucheka kabla hajamaliza kusimulia, kwa hiyo visa vyake vingi sijui viliishaje hadi leo.

Alipokuwa mkubwa alichoka kuchuma kahawa akaenda Goziba, kile kisiwa cha Muleba kilicho mbali ndani ya ziwa, ambako watu wa kila kabila huenda kutafuta maisha kwa nyavu. Aliondoka kwa njia ile ya nyuma ya jiko, begi begani, ili apande boti lililokuwa likipita chini kuchukua watu. Na kila alipopata nafasi ya kurudi, alipanda kwa njia hiyo hiyo na fungu la samaki wa moshi kichwani. Shangazi alikuwa akimsikia tangu akiwa kwenye mawe ya mteremkoni. Kaka hakuwa na adabu na ndala zake, alizikokota zikawa zinakwaruza, na shangazi alianza kumgombeza kabla hajamwona. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi yake.

Kisha hakurudi. Baba na mimi tulikwenda Goziba kuuliza. Kisiwa kizima kinanuka dagaa wa kuanikwa, na watu ni wengi kuliko vitanda. Tulizunguka kwenye kambi hadi tukampata mama mmoja mchuuzi wa samaki aliyemkumbuka kwa kicheko. Alituambia boti la kaka lilikutwa linaelea, halina mtu, na nyavu zimekunjwa vizuri kama zilivyotoka nchi kavu. Hawakuwa wamevua. Mawimbi hayakuwepo siku ile. Mama yule alisema hivyo mara moja tu, kisha akarudi kugeuza dagaa wake.

Tuliporudi, shehe wetu alitaka kaka asomewe dua ya marehemu, na ndugu wakaanza kukusanyika. Shangazi akatoka mlangoni akauliza, “Mnamsomea nani? Nionyesheni.” Hakuna aliyekuwa na la kumwonyesha. Matanga hayakuwekwa. Watu walikunywa chai wakaondoka, na tangu jioni ile shangazi alipika ndizi kwa watu wawili, akafunika sahani moja na kuiweka ndani ya jiko.

Nilimkasirikia. Wacha niseme wazi, nilimkasirikia hasira ya miaka. Nilikuwa nimempenda kaka na nilitaka kulia nimalize, nisimamishe machozi yangu mahali panapojulikana, na yeye alituzuia sote. Kila jioni aliifagia njia ile kutoka jikoni hadi pale migomba inapoishia na nyasi za rweya, ule uwanda wazi usiolimwa, zinapoanza. Majirani nao wakamfuata bila mtu yeyote kuwaambia. Walikuwa wakishuka ziwani kwa njia ya shangazi, lakini wakati wa kurudi walizunguka kwa njia nyingine, ndefu na yenye matope, hata wenye mizigo. Nilikuwa nikiwaona wanawake na ndoo zao wakizunguka kule mbali na kujiuliza kama kijiji kizima kimerukwa na akili. Kumbe walikuwa na adabu tu. Hawakutaka mama yule asikie miguu ikipanda kisha aone si mwanawe.

Mimi nilianza kazi ya kuongoza wageni wakati ambapo mtu yeyote mwenye baiskeli mbili na Kiingereza cha kuombea maji aliweza kujiita kiongozi. Mmoja aliwahi kuwaacha wageni wake katikati ya mashamba akaingia kilabuni, na wakaletwa mjini na mama muuza nyanya. Kwa hiyo halmashauri iliposema kwamba anayetembeza wageni kwa malipo kwenye njia za umma lazima awe na leseni, na kila njia ikaguliwe na kijiji kiikubali, nilishangilia. Niliona sasa wahuni watapungua. Sikufikiri sana kwamba njia yangu nzuri kuliko zote, ile iliyoniletea wateja, ilikuwa ni ile ya shangazi.

Nilimwomba. Akasema njia za migombani hazina mwenyewe, watu hupita, wapite. Nilidhani mambo yamekwisha.

Siku ya ukaguzi nilikuwa kwake tangu asubuhi. Nilitandika mkeka, nikaweka kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo kama inavyotakiwa mgeni akifika, nikakaa kutazama upande wa barabara. Simu ikalia. Alikuwa afisa utalii. “Dada, tulikuwa tunakagua njia nyingine huku ziwani,” akasema, “kwa hiyo tumeanzia chini. Tunapanda.”

Nilitaka kumwambia wazunguke, lakini ningempa sababu gani mtu wa serikali aliyekwisha kuanza mlima? Nikasema karibuni. Nilipogeuka, shangazi alikuwa mlangoni mwa jiko, kisu cha kumenyea mkononi. Viatu vyao vizito vilikuwa vinakwaruza mawe, na sauti ilikuwa inatufikia wazi.

“Shangazi,” nikamwambia, “hao ni watu wa halmashauri.”

Hakunisikia, au alikataa kunisikia. Aliweka kisu chini. Alifuta uso kwa pindo la kanga, akajifunga vizuri, akaenda kusimama pale njia inapoanzia. Sijawahi kumwona mtu amesimama hivyo. Mgongo wote ulikuwa wa msichana. Hatua zikaingia migombani, majani makavu yakawa yanalia, na shangazi akasema kwa Kihaya, taratibu, bila kugombeza safari hii, “Omwana wange, waija?” Mwanangu, umekuja?

Akatokea afisa utalii, jasho likimtiririka, simu mkononi akipima njia. Nyuma yake bwana wa ardhi, na nyuma yake mtendaji wa kijiji, ambaye aliinamisha kichwa maana yeye alijua walichokuwa wamefanya.

“Shikamoo mama,” akasema afisa.

“Marahaba. Karibuni.”

Lakini hakuwa akimtazama. Alitazama nyuma yake, kisha nyuma ya bwana wa ardhi, kisha nyuma ya mtendaji, na mtendaji alipokwisha kufika uani shangazi aliendelea kutazama njia. Tulikaa mkekani, tukatafuna kahawa, yeye bado amesimama. Mimi niliyemkasirikia miaka yote hiyo nilitamani kuondoka hapo nikajifiche chooni nilie.

Alipokuja kukaa, bwana wa ardhi alimuuliza swali la kazi yake, kama njia ile ni ya watu wote. Akajibu kwamba ni ya watu wote. “Ila ina mtu,” akaongeza.

“Mtu gani, mama?”

“Bado hajafika.”

Bwana wa ardhi akanitazama mimi. Nikatazama kikapu cha kahawa.

“Washuke,” shangazi akasema. “Wazungu, Waswahili, wenye baiskeli, wote washuke hata kila siku. Wasipande. Anayepanda hapo nimjue.”

Bwana wa ardhi alianza kueleza kwamba njia ya umma haina upande, ukishaikubali umeikubali yote. Afisa utalii akamgusa mkono. Akasema wataweka sharti kwenye kibali, kushuka tu, kwa ajili ya usalama, kwa sababu mawe yale yanateleza kwa anayepanda. Sisi sote pale mkekani tulikuwa watu wa milimani. Tulijua mawe humwangusha anayeshuka. Hakuna aliyebisha, na mtendaji akaomba maji ya kunywa.

Ndivyo nilivyopata kibali changu. Wageni wakaja, na shangazi akawazoea. Aliwagawia kahawa, akawacheka walivyozitema, akawasindikiza hadi mwanzo wa njia. Wakishapotea migombani alichukua fagio na kufuta alama zao zote, za viatu na za magurudumu, njia ibaki safi.

Siku moja nililala kwake, na asubuhi nikaamka wa kwanza. Nilikwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni. Njia ilikuwa imefagiwa jioni, mistari ya fagio inaonekana, na juu ya mistari hiyo kulikuwa na alama za ndala. Zilikuwa zinapanda. Kisigino kilikuwa kinakokota, kinaacha mfereji mdogo kila hatua. Zilifika kwenye mawe ya mlangoni mwa jiko zikaishia hapo, na za kushuka hazikuwepo. Nilijiambia ni jirani. Ni jirani gani, sikwenda kuuliza.

“Umeziona,” shangazi akasema nyuma yangu. Hakuwa na woga wala furaha. Alichukua fagio akazifagia mwenyewe, kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto aliyewahi kutoka. “Huwa anapitia tu,” akasema.

Nilimwambia ni jirani. Akaniitikia ndiyo, kwa upole, kama ananifariji.

Shangazi alifariki msimu wa mvua, akiwa usingizini. Tulimzika kibanjani karibu na babu, hatua chache kutoka njia ile. Shehe alipofika kwenye dua aliniangalia akauliza kwa sauti ya chini kama amjumuishe na kijana wake. Watu wote wakaniangalia, maana baba naye alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye niliyebaki. Nikageuka kuitazama njia. Shehe akaendelea na ya mama peke yake.

Mwezi wa kuhuisha kibali ulipofika, nilikuwa nimeshaamua. Wateja wanataka kupanda, aliyekuwa akisubiri hayupo, na mimi si mtu wa kuishi na mambo kama hayo. Nililirudia jibu langu kimoyomoyo njia nzima kutoka mjini. Afisa alikuwa yule yule, sasa mvi zimeanza kumtoka. Tulisimama nyuma ya jiko. Mlango ulikuwa umefungwa na majani makavu yalikuwa yamejaa njiani, kwa kuwa hakuna aliyefagia.

“Mama hayupo tena, Mungu amrehemu,” akasema. “Nadhani lile sharti tuliondoe. Tufungue pande zote, au unasemaje?”

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Chini kule, kwenye mawe, kitu kilikwaruza. Huenda ni mbuzi. Huenda ni jiwe tu lililojigeuza.

“Ina mtu,” nikasema.

Niliisikia sauti yangu na nikaona aibu, mimi niliyemkasirikia shangazi wangu kwa maneno hayo hayo. Nikamtazama afisa nikisubiri acheke. Hakucheka.

“Mtendaji alinieleza habari ya mama na fagio lake. Baba yangu naye alikuwa mvuvi, hakurudi,” akasema. “Sisi hatukuwa na njia ya kumfagilia. Tulikuwa tumepanga chumba, tukahama.”

Kisha akatoka njiani. Alisogea kando, akaingia kwenye migomba na kusimama, kama tunavyofanya huku tukikutana na mtu mwenye mzigo kwenye njia nyembamba. Nami nikasogea upande wa pili. Tukasimama tukitazamana, njia tupu katikati yetu, kwa muda wa kutosha mtu mwenye fungu la samaki kichwani kupita bila kuharakishwa.

Sharti lilibaki. Afisa aliondoka kwa kuzunguka, kwa ile njia ya matope. Mimi jioni ile sikurudi mjini. Nilifungua jiko la shangazi, nikafagia njia hadi kwenye rweya, nikapika ndizi, nikafunika sahani moja.