Meza ya Kuchambulia Filamu

Kwa miaka thelathini na moja Laurencia alifanya kazi katika shamba la kahawa kule Oldeani, na kazi yenyewe ilikuwa kutupa. Alikaa kwenye meza ndefu pamoja na wanawake wenzake, kahawa ikamwagwa mbele yao, naye akaondoa punje nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu. Punje nzuri hakuigusa. Hakuna nyapara aliyewahi kusimama nyuma ya mchambuaji akamtaka aisifu kahawa. Kwa hiyo alipostaafu na kuhamia Karatu mjini, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyojengewa na mwanawe Hilary nyuma ya duka la Radhia, na Hilary huyo huyo akamletea runinga na king'amuzi chake, Laurencia alikaa mbele yake kama alivyokaa mbele ya ile meza. Akaanza kutupa.

Alitupa karibu kila kitu. Kulikuwa na tamthilia ya ng'ambo iliyotiwa Kiswahili, ambamo mama tajiri alimtafuta binti yake aliyepotea kwa vipindi mia moja na arobaini, kumbe binti mwenyewe ndiye anayempigia deki sebuleni. "Pua ya mama yake, masikio ya mama yake, na mama hamjui!" alisema Laurencia. "Mbuzi angemjua." Kulikuwa na filamu ya hapa nchini ambamo mgonjwa mahututi alitundikiwa dripu iliyobandikwa juu ya mkono wa shati. Na kulikuwa na yule bwana aliyepokea habari za msiba kwa simu, akaangua kilio, na simu ikaita ikiwa bado iko sikioni. Hiyo hakuisahau. Aliisimulia kwa kila mgeni aliyeingia, hadi mtu angedhani ni filamu aliyoipenda.

Iliyomkera kuliko zote ilikuwa ya wazungu, kuhusu Ngorongoro. Msimulizi alinong'ona saa nzima kana kwamba ndani kuna mgonjwa amelala. Ukungu, simba, kiboko, nyumbu, kisha ukungu tena. Hakupita mtu hata mmoja. Laurencia aliwaza habari za Senteu, Mmasai aliyemwuzia maziwa siku za mnada, mwenye boma lake huko huko juu, wake wawili na watoto wasiopungua kumi.

"Wamemficha wapi Senteu?" aliuliza. "Nyuma ya yule kiboko?"

Mwenzake wa kutazama alikuwa Radhia mwenye duka, mama yake Twaha, aliyekuja kila Jumapili alasiri na sahani ya visheti. Radhia alikuwa mtu wa kuamini. Tamthilia ikikolea aliwaonya waliomo kwa sauti ya juu: "Usinywe hiyo chai, we mtoto, wamekutilia sumu!" Laurencia hakuwa na subira na ujinga wa namna hiyo.

"Mama Twaha, hawakusikii. Hiyo chai ilishanywewa mwaka juzi."

"Mwenzangu, una moyo au una jiwe la kusagia?"

"Nina macho."

Basi huyu ndiye mwanamke ambaye Hilary, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, dereva wa kuwashusha watalii kreta ya Ngorongoro, alimletea flashi yenye filamu Jumapili moja baada ya ibada. Kisa chake kilikuwa hivi. Wakati wa mvua, watalii wakiwa wachache, vijana kutoka Arusha walikodi gari lake kwenda kupiga filamu kijijini Endamarariek. Mzee waliyempa nafasi ya kuigiza baba mwenye nyumba hakutokea siku ya kwanza wala ya pili, nao wakamvalisha Hilary koti kuukuu, wakampaka poda nywele, wakamwambia akae mbele ya kamera. Sasa dairekta wao alimtaka tena kwa filamu nyingine, wiki sita nzima, kuanzia Julai. Julai ndio watalii wanafurika, na mwenye kampuni alishamwambia wazi: akiondoka mwezi huo, gari linapata dereva mwingine. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

Hilary alimweleza Radhia dukani, akiegemea kaunta, "Mama akinicheka, naachana nayo. Nabaki na usukani wangu, basi." Radhia, ambaye hajawahi kutunza siri hata ya bei ya sukari, alimfikishia mama mtu kabla soda ya kijana haijaisha.

Laurencia alisema ni upuuzi, na moyoni aliogopa. Usukani ndio uliojenga nyumba hii. Kicheko kimoja tu kingeyarudisha mambo mahali pake, na kicheko kilikuwa kitu alichokuwa nacho tele. Lakini hakujua kusema uongo mezani, kwa upande wowote. Hata shoga yake wa shamba, alipopitisha punje mbovu kwa uchovu, Laurencia aliichomoa mbele ya nyapara.

Filamu ikaanza. Hilary hakuketi. Alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akijifanya anatazama nje.

Alitokea mwanamke shambani, kope za kubandika, kucha ndefu nyekundu, jembe kalishika kama kijiko cha kukorogea uji. "Anapalilia mahindi yaliyokauka!" Laurencia alisema. "Mwambieni avune, akalale." Radhia alicheka mpaka akapaliwa na kisheti. Mlangoni Hilary naye alitabasamu, tabasamu la mtu anayesubiri sindano.

Kisha mzee akaingia uani, amevaa koti.

"Na huyu nani kammwagia unga kichwani?" Laurencia alisema. Radhia alicheka tena, halafu akakumbuka ni nani, akaziba mdomo. Hilary aliinamisha kichwa, akatazama chai yake.

Mzee yule alivuka ua. Alikaa kizingitini. Alisukuma kisigino cha buti la kushoto kwa ncha ya buti la kulia, polepole, likatoka. Akaligonga kizingitini, udongo ukamwagika. Akaliinua, akachungulia ndani kana kwamba kuna kitu alikisahau humo.

Clemensi, mume wa Laurencia, dereva wa trekta pale pale shambani, alikuwa na miaka sita kaburini. Aliacha picha ya kitambulisho, na moja ya harusi ambamo amefinya macho kwa jua. Hakuna aliyewahi kumpiga picha inayotembea. Lakini kila jioni kwa miaka ishirini na minane alikaa kizingitini, akavua la kushoto kwanza, akagonga, akachungulia.

"Usinimwagie udongo hapo, nimeshafagia!"

Sauti ilikuwa kali, na ilikuwa ya Laurencia. Alisema kwa Kiiraqw, lugha ya nyumbani kwao, ambayo hajawahi kuitupia runinga ile hata neno moja, naye alikuwa amenyanyuka nusu kitini, kidole kimeelekea kizingiti cha watu wa Endamarariek. Kwenye runinga mzee aliweka buti chini na kuanza la pili. Radhia hakujua Kiiraqw cha kutosha, lakini alijua kilichotokea, akaisogeza kando sahani ya visheti.

Laurencia alirudi kitini taratibu. Aliona aibu. Filamu iliendelea dakika hamsini nyingine: mwenye kucha aliolewa, tajiri mmoja alifungwa, dripu nyingine ilibandikwa ovyo. Hakutupa hata punje moja.

Ilipoisha Hilary akaichomoa flashi. "Ule unga nimeuelewa, mama," alisema. "Nitampigia kesho, nimwambie siwezi."

"Umeelewa nini? Aligonga mara mbili."

"Nani?"

"Baba yako. Mara mbili. Wewe umegonga tatu."

Hilary alisimama na ile flashi mkononi. "Dairekta alitaka tatu, mama. Alisema mbili hazisikiki."

"Hazisikiki!" Laurencia aliguna kwa dharau yake ile ile, ingawa macho yalikuwa yamejaa. "Mimi nilizisikia nikiwa jikoni, na moto unalia, miaka ishirini na minane. Kesho ukimpigia huyo dairekta wako, mwambie utakuja hiyo Julai, lakini mama yako amesema mara mbili. Sasa kirudishe hicho kitu mahali pake. Anzia pale anapoingia uani."