Bomba la Nyumba ya Msiba

Asubuhi ya kumzika baba, watu wa kukodisha mahema walipigilia chuma cha kukazia hema, kikatoboa bomba letu la maji lililopita chini ya ua. Maji yaliruka mpaka kwenye viti vya waombolezaji, kisha bomba la uani likakauka kabisa. Niliwatolea maneno yasiyofaa kusemwa kwenye nyumba yenye maiti. Lakini wangejuaje? Baba mwenyewe ndiye aliyelitandaza, juu juu, shibiri moja tu ardhini, kwa sababu alikuwa mbishi na hakuamini mkono wa fundi yeyote.

Kwetu Kigali, watu wakitoka kuzika hurudi nyumbani kwa marehemu kunawa mikono. Jirani alijitolea kutuletea jerikani za maji, tena kwa moyo mweupe. Mama alikataa.

"Watanawa kwa bomba yake," alisema.

Hakuna mila inayokataza maji ya jirani. Ni mama tu aliyekataa, na siku hiyo nani angembishia?

Tukamwita fundi mmoja wa hapa Nyakabanda, mtu mzima aliyekulia Bujumbura kama mama. Alikichomoa kile chuma, akachimba kidogo. Kisha akaniita kando.

"Pole sana, ndugu. Hii tundu si shida. Itiyo yote, hii bomba yote, imechoka. Nikifunga hapa, itapasukia mbele. Mzee aliipitisha wapi?"

Nilitazama mlango wa sebule. Aliyejua alikuwa mle ndani, kwenye sanduku.

"Chimba tu," nikamwambia.

Tulikwenda makaburini, tukamwacha na koleo lake. Njia nzima nilimkasirikia baba. Mtu gani anakufa bila kuwaambia watoto wake bomba linapita wapi? Nilitupa udongo wangu kaburini nikiwa nimekunja uso, watu wakadhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu pia.

Tuliporudi, mtaro ulikuwa umekata ua mzima, kutoka getini mpaka jikoni. Bomba jipya lilikuwa limelazwa ndani yake. Pembeni fundi alikuwa amepanga vipande vya lile la zamani, na kila kimoja kilikuwa na kiraka cha baba: mpira wa baiskeli uliozungushwa tena na tena, ukakazwa kwa waya. Miaka yote tulimcheka akiinama pale uani. Nilingoja fundi naye acheke.

"Alihangaika sana, mzee," alisema.

Mama akafungua bomba. Likakohoa, likatema tope jekundu, kisha yakaja maji safi. Watu wakapanga mstari, wakanawa mmoja mmoja. Fundi alibaki mtaroni akisubiri tumalize ili afukie.

"Kuja unawe," mama akamwambia.

"Hapana, mukecuru. Mimi sikufika makaburini. Haya ni matope ya kazi tu."

"Na wewe umechimba kwa ajili yake leo. Kuja, mwana wanje."

Akapanda. Tope lilikuwa limemgandia mpaka viwikoni. Mama akainama, akamsugua kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tangu baba afariki mama hakuwa ametoa chozi. Hapo alilia kwa sauti, ameshika mikono ya mtu asiyemjua, na yule mtu hakuiondoa. Maji yaliendelea kumwagika, wala hakuna aliyethubutu kulifunga bomba.