Na Nyumbani Wanakuitaje?

Saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Juni bado imeng'ang'ania madirisha ya maabara ya hospitali moja mjini Sumbawanga. Hellena Zephania, sweta ndani ya koti jeupe, anasoma namba kwenye kichupa cha damu, kisha anamgeukia mgonjwa: "Na nyumbani wanakuitaje?"

Swali hilo nusura limtie matatani.

Hellena, 53, amefanya kazi ya maabara miaka ishirini na sita. Kompyuta za kutunzia majibu zilipoletwa mwaka jana, wenzake walizizoea upesi. Yeye huchapa kwa kidole kimoja, na daftari lake kubwa hakuliacha. Walimtania kwamba atazikwa nalo.

Mwezi uliopita walikuja watathmini kupima kama mfumo unafaa. Walilinganisha majibu mia nne ya kwenye kompyuta na daftari. Kumi na tisa yalitofautiana majina, na yote yalikuwa na saini ya Hellena.

"Sikuwaza kazi," anasema. "Niliwaza mtu kameza dawa ya mwenzake kwa sababu yangu. Siku tatu ugali haukupita."

Aliwaeleza watathmini kwamba mapokezi huandika kwenye kompyuta jina la ubatizo, kwa kuwa ndilo lililo kwenye kadi. Lakini ukiita jina hilo hapo nje, wengi hawageuki, kwa kuwa kijijini hawalitumii. Ndiyo maana daftarini huandika lile wanaloitikia. Maelezo yalieleweka, ila ushahidi hakuwa nao.

Basi wakapiga simu, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, Hellena ameketi pembeni na rozari mfukoni. Kumi na wanane walithibitisha kwamba majina yote mawili ni yao. Wa mwisho hakupatikana kwa simu. Kiongozi wa watathmini, Benjamini, akamfuata kijijini Kaoze kwa pikipiki, akamkuta bibi anapepeta ulezi.

"Bertilla ni la kanisani," bibi alimwambia. "Stumai ni la nyumbani. Dawa nilimaliza, nikapona."

Benjamini alipompigia simu kumpa habari hiyo, Hellena alikaa chini akalia. Haoni aibu kulisema.

Ripoti imesema mfumo unafaa, ila uongezewe nafasi ya jina la pili. Hellena anaisubiri nafasi hiyo kabla ya kustaafu.

"Ikija, daftari nitalifunga mwenyewe," anasema. "Nataka niondoke hapa nikijua sikumpa mtu ugonjwa usio wake."